Mikono ya Wapresbiteri: Weston wa Zanzibar alikuwa na hoja, ila 1610 inamsumbua

Juni 1913 kule Kikuyu, Kenya ya leo, kwenye misheni ya Waskoti, wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri (kanisa lisilo na maaskofu, wachungaji wake wanawekewa mikono na wazee wa kanisa), Kimethodisti na wengine walifunga mkutano wao kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Aliyeongoza ni Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, tena mule mule ndani ya kanisa la Presbiteri. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliposikia akachachamaa, akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, mkuu wa Waanglikana, akitaka Peel na mwenzake Willis wa Uganda washtakiwe kwa uzushi, yaani kupotosha imani.

Tumtendee haki Weston, hakuwa mkorofi tu. Kwake bila askofu aliyewekewa mikono na maaskofu, mpaka kwa mitume huko, hamna upadre. Halafu alikuwa anaishi Zanzibar katikati ya Waislamu, akaona kanisa lisilojua lenyewe limesimama wapi litachekwa. Pointi hiyo sikatai.

Ila sasa hiyo sheria ya kuwekewa mikono na askofu ilianza kubana lini? Mwaka 1610 mfalme James anarudisha maaskofu Uskoti, wanaitwa London watu watatu, Spottiswoode, Lamb na Hamilton, wote wachungaji ambao hakuna askofu aliyewahi kuwawekea mikono. Lancelot Andrewes, askofu wa Kiingereza, akauliza, jamani, si wapewe upadre kwanza? Bancroft, Askofu Mkuu wa Canterbury, huyo huyo aliyewabana bila huruma Wapuritani, Waprotestanti waliotaka kanisa la Uingereza lisafishwe zaidi, akasema hakuna haja, pale maaskofu wasipopatikana mikono ya wazee inatosha, la sivyo tutatia shaka makanisa mengi ya Matengenezo (ya Kiprotestanti) huko Ulaya. Wapo wanaosimulia kwamba hoja iliyotumika ilikuwa nyingine, eti uaskofu unabeba upadre ndani yake. Sawa, tuchukue hiyo, lakini mwisho wa siku hakuna aliyewarudisha nyuma, wakawa maaskofu hivyo hivyo!

Njoo 1661. James Sharp na Robert Leighton, Waskoti, nao wanaitwa London kwa shughuli ile ile, nao mikono yao ni ya wazee, ila safari hii wanaambiwa waanze upya, ushemasi, upadre, ndo uaskofu. Kilichobadilika hapo katikati ni nini? Maandiko yale yale. Ila kulikuwa na vita, mfalme kakatwa kichwa 1649, maaskofu wamefukuzwa, na waliorudi madarakani walirudi na kinyongo, hivyo ndivyo mi naona. Mwaka uliofuata sheria ya Uingereza ikadai kila mchungaji awe amewekwa na askofu, mwisho 24 Agosti. Ukijumlisha na waliotolewa tangu 1660, wachungaji karibu 2,000 walipoteza nafasi, ingawa sio wote kwa suala la mikono.

Mmoja wao, John Howe, aliulizwa na askofu wake, kwani kuwekewa mikono tena kunakuumiza nini? Akajibu kunaumiza akili yangu, kitu hakiwezi kuwa na mwanzo mara mbili.

Kuhusu Biblia kila upande una mstari wake, 1 Timotheo 4:14 inasema mikono ya wazee, 2 Timotheo 1:6 Paulo anasema mikono yangu.

Kesi ya Kikuyu ilijibiwa 1915, uzushi haukuonekana, ila Waanglikana wasiende kupokea ushirika kwa Wapresbiteri. Watu wakatania kwamba ibada ile ilimpendeza sana Mungu, na isirudiwe tena.