Kompyuta Haikuwepo Kikaoni

Niseme mapema kabisa: sauti ya mwimbaji wetu haina tatizo lolote. Ndivyo tulivyokubaliana kusema, na mimi ni mtu wa kushika makubaliano. Ila miaka 18 iliyopita, tulipokuwa vijana wenye nywele, tulitunga nyimbo za roki zenye viitikio vya kupaa, na yeye alikuwa akizifikia zile noti za juu huku miguu yote miwili iko hewani. Siku hizi akiruka, akitua anatulia kwanza, anasikilizia goti, ndipo anaendelea na ubeti.

Bendi ilivunjika kama zinavyovunjika bendi: hakuna anayekumbuka ugomvi ulihusu nini, lakini kila mmoja anakumbuka vizuri sana nani aliuanza. Halafu siku moja mpiga gitaa akatupigia simu, mmoja baada ya mwingine. Huyu bwana anatembea na mifano kama wakili anavyotembea na mafaili. Eagles, anasema, walitengana 1980 wakarudi 1994. Wale ndugu wawili wa Oasis waliachana 2009, na 2025 wakapanda jukwaa moja tena. Mimi napiga gitaa la besi, na kazi ya besi ni kuwakumbusha wenzako ardhi iko wapi, kwa hiyo nikamtajia bendi ya The Police: walirudi 2007, wakazunguka dunia, 2008 wakaagana tena, na albamu mpya hawakutoa.

"Ndiyo maana sisi tunaanza na albamu," akajibu.

Nikakosa la kusema. Tukaingia studio.

Na kusema ule ukweli, tulifanya kazi nzuri. Nyimbo 9, zote mpya, hakuna hata moja ya kuokota kwenye zilipendwa zetu. Mpiga dramu alikubali kupiga huku metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, inamgonga masikioni, jambo ambalo zamani lilitosha kumfanya arushe vijiti na kwenda nyumbani. Mwimbaji naye alijirekodi akiimba sauti ya kwanza, akajiongezea ya pili, ya tatu, hadi zikafika 6, zote zake. Ukiisikia studio unadhani ni kwaya nzima imeingia. Tatizo la kwaya ya namna hiyo ni kwamba siku ya shoo ina mdomo mmoja tu. Hizo sauti 5 nyingine lazima zitoke kwenye kompyuta.

Kompyuta nikapewa mimi. Sababu waliyotoa ni kwamba mimi ndiye kijana. Nina miaka 46.

Siku 5 kabla ya shoo ya kwanza tukafanya kikao. Ajenda iliandikwa nyuma ya karatasi ya nyimbo, kwa herufi kubwa: MUSTAKABALI WA BENDI. Mpiga gitaa alitaka ziara ya miezi mitatu. Mpiga dramu hakupinga ziara, ila aliomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba katika mustakabali huo dramu zitabebwa na mtu mwingine. Ndipo mwimbaji akakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Ni cha mtu anayetaka kuomba kitu bila kuonekana ameomba.

"Nimekuwa nikifikiria," akasema, "kiusanii. Hizi nyimbo zingekuwa na uzito zaidi tukizishusha kidogo. Nusu toni tu."

Hakuna aliyecheka. Mpiga gitaa akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyefunuliwa jambo kubwa. Mpiga dramu, ambaye kwake kushusha toni ni sawa na kubadilisha rangi ya pazia, akasema hata Jimi Hendrix alikuwa akishusha gitaa lake nusu toni. Ni kweli, alikuwa akishusha, tena akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, lakini hilo halikuwa la kusemwa pale. Mwimbaji alitoka kikaoni amesimama wima kuliko alivyoingia.

Kwa wasiojua mambo haya: nusu toni ni ile hatua ndogo kabisa kutoka noti moja hadi jirani yake, na kwenye gitaa kazi ni ndogo. Unalegeza kila uzi kidogo, basi. Noti ya A ambayo kwa kawaida hutetema mara 440 kwa sekunde inabaki kama 415. Ukiipiga peke yake hakuna msikilizaji atakayegundua, kwa sababu masikio ya wengi wetu hayajui noti iko wapi, yanajua tu iko wapi kwa jirani yake. Lakini ziweke hizo mbili pamoja, ya 440 na ya 415, zote zinajiita A, zote zinataka kiti kimoja. Hapo utasikia kitu kinachokuingia kwenye meno.

Kwa hiyo kompyuta nayo ilipaswa kushushwa. Nikawaambia, "Niachieni mimi." Usiku ule nikafungua programu, nikachagua kinanda na ile kwaya ya mtu mmoja, nikaandika alama ya kutoa na 1, yaani nusu toni moja chini. Nikasikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho. Mtamu. Nikafunga mashine, nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Siku ya shoo muda wa kujaribu vyombo uliliwa wote na dramu. Fundi mitambo alimgongesha mpiga dramu ngoma moja moja mpaka nikaanza kumwonea huruma ile ngoma. Tulipobaki na dakika chache tukajaribu wimbo mmoja, wa zamani, usiohitaji kompyuta. Ukatoka safi. Tukapongezana kwa kugongeana mabega, kwa uangalifu, maana mwimbaji ana bega pia.

Taa zikazimwa. Watu wakapiga kelele, tena nyingi kuliko tulivyotarajia. Nikabonyeza kitufe.

Wimbo wa kwanza unaanza na kinanda peke yake kutoka kwenye mashine. Kikasikika kizuri, kipana, watu wakainua simu zao juu. Nikajisikia kama miaka 18 haijapita. Mpiga dramu akahesabu manne, tukaingia wote kwa pamoja.

Sijui niieleze vipi sauti ile. Fikiria milango miwili mikubwa yenye kutu, inafunguliwa kwa wakati mmoja, na kila mmoja unadai ndio unaojua wimbo. Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Kijitaa cha kijani cha tyuna yangu, kifaa cha kupimia noti, pale miguuni kilikuwa kinaniambia gitaa langu liko sawasawa. Nikamtazama mpiga gitaa. Naye alikuwa anatazama kijitaa chake.

Mwimbaji akaanza kuimba. Aliimba alipokubaliana na kikao, nusu toni chini. Na nyuma yake, kutoka kwenye spika ndefu kuliko mtu, zikaja sauti 5 zake mwenyewe zikimsahihisha kutoka juu. Akageuka kuangalia ni nani. Alimkagua mpiga gitaa, mdomo umefungwa. Akanikagua mimi, mdomo wazi lakini hautoi kitu. Sijawahi kumwona mtu amezidiwa kura na nafsi yake mwenyewe.

Mtu pekee aliyekuwa na furaha jukwaani ni mpiga dramu. Masikioni alikuwa na metronomu tu, tik tik tik, na katika maisha yake yote hajawahi kupiga vizuri kama usiku ule. Alinitupia hata tabasamu.

Hapa ndipo ujuzi wetu ulipotumaliza. Kama tungekuwa wajinga tungesimama, tukaanza upya. Lakini sisi ni wakongwe, na kila mkongwe alikuwa na dawa yake. Shingo ya gitaa ina vyuma vyembamba vilivyopangwa kama ngazi. Ukisogeza vidole chuma kimoja kuelekea kifuani, sauti inapanda nusu toni kamili. Nikaona nimeokoa jahazi. Nikasogea chuma kimoja, nikaungana na kompyuta. Mpiga gitaa yeye aliamua nyuzi zake ndizo zina kosa. Akaanza kuzikaza palepale, huku anapiga. Na fundi mitambo, kule nyuma ya ukumbi, akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: akaizima kompyuta isisikike.

Yote haya yalitokea ndani ya sekunde tatu.

Kwa hiyo mwimbaji alibaki chini, mahali pake halali. Mimi nilikuwa juu, nimeifuata mashine ambayo sasa haipo. Mpiga gitaa alikuwa njiani, nyuzi mbili zimefika na nne bado zinasafiri. Nilipogundua niko peke yangu nikashuka. Mwimbaji naye alikuwa amenisikia nikipanda, na kwa kuwa ameimba akifuata besi tangu ujana wake, akaamua anifuate juu. Tulipishana pale katikati, yeye anapanda mimi nashuka, kama watu wawili kwenye korido nyembamba wanaokwepana upande uleule.

Na alipanda vibaya. Alipanda muda mfupi tu kabla ya kiitikio. Ile noti ya juu, ambayo tulifanya kikao kizima ili asikutane nayo, ikawa inamsubiri mlangoni.

Hakukwepa. Hilo lazima nimpe heshima yake. Alifumba macho, akaruka kama zamani, akafungua mdomo, na kilichotoka ni jogoo anayejifunza kuwika siku yake ya kwanza. Wakati huohuo uzi wa gitaa ukakatika, pwaa! Akatua. Akasikilizia goti. Mpiga dramu akaendelea na metronomu yake mpaka mwisho wa kiitikio, peke yake, tena akaongeza manjonjo.

Ukumbi ukawa kimya kama maji mtungini. Mwimbaji akashika maikrofoni.

"Huo," akasema, "ulikuwa wimbo mpya."

"Tumeusikia!" mtu akajibu kutoka gizani.

Shoo iliyobaki tuliipiga bila kompyuta, wanne, mdomo mmoja, na haikuwa mbaya. Sina zaidi la kusema juu yake.

Chumbani nyuma ya jukwaa kulifanyika uchunguzi. Mpiga gitaa alisema hizi kompyuta zina virusi. Mwimbaji akasema yeye hajawahi kuziamini. Mpiga dramu aliuliza, "Kwani kulikuwa na tatizo?" Mimi nikasema virusi ni kitu kibaya sana.

Nilipofika nyumbani nikafungua mashine, safari hii nimevaa miwani. Hapa inabidi nikiri kwamba miwani ninayo tangu zamani, ila haiendani na koti la ngozi. Nikashusha ule wimbo nusu toni kama nilivyofanya usiku ule, nikasikiliza, nikafunga. Katikati ya kioo kikatokea kijidirisha chenye maandishi membamba kama miguu ya siafu. Kilikuwa kinaniuliza kama nihifadhi mabadiliko. Pale ambapo kidole changu kilikuwa kimezoea kubonyeza, paliandikwa: Hapana.

Sijawaambia. Bado wanalaani virusi.

Wiki iliyofuata tukakaa tena, karatasi ileile, ajenda ileile. Ziara ya miezi mitatu ikawa ya wikiendi mbili. Suala la mbeba dramu liliahirishwa. Tukakubaliana tuanze kutunga albamu nyingine wakati moto bado upo, na hapo mwimbaji akakohoa.

"Nilikuwa nafikiria," akasema, "kiusanii."

Nusu toni nyingine. Wote wakatikisa vichwa, wakasema uzito, uzito. Mimi nilikuwa kimya napiga hesabu. Nusu toni 12 ni oktavu nzima, yaani noti ileile kwa sauti nzito zaidi, na huko chini ndiko ninakoishi mimi na gitaa langu lenye nyuzi nne.

"Kaka," nikamwuliza taratibu, "unapanga kuimba mpaka lini?"

"Mpaka wanizike," akasema.

Juzi nimenunua filimbi.