Ufa uliogeuka dirisha: tuzirekebishe vipi amri kongwe za Linux?

Mwishoni mwa 2022, baada ya kusasisha seva moja, nilianza kupokea barua pepe za cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, kila baada ya dakika kumi. Cron ndivyo ilivyo: kazi ikimalizika kimya, nayo inanyamaza, ikitoa neno lolote, inakuandikia. Skripti iliyosababisha hayo ilikuwa ya kukagua logi, na sikuwa nimeigusa kwa miaka. Majibu yake yalikuwa sahihi kama siku zote. Kilichoongezeka ni mstari mmoja wa onyo: egrep imepitwa na wakati, tumia grep -E. Zote mbili ni amri za kutafuta maneno ndani ya mafaili.

Onyo hilo lilikuja na grep 3.8, iliyotoka Septemba mwaka huo. Tuwatendee haki watunzaji wake, hawakukurupuka. Walishatangaza tangu toleo 2.5.3 la mwaka 2007 kwamba egrep na ndugu yake fgrep ziachwe. Miaka 15 ni notisi ndefu kuliko anayopewa mpangaji yeyote. Ila notisi yenyewe ilibandikwa mahali pasipopita watu, ndani ya nyaraka. Nani anafungua mwongozo wa amri ambayo vidole vyake vinaiandika vyenyewe? Isitoshe, egrep ni skripti fupi tu inayoiita grep -E, kwa hiyo kuiacha ipumue hakumgharimu mtu kitu cha maana. Baadhi ya wasambazaji wa Linux waliamua kulifuta onyo hilo kwa viraka vyao (marekebisho madogo ya msimbo) kabla ya kuwafikishia watumiaji.

Kisa ni kidogo, lakini kinaugusa ubishi ambao hauishi katika programu huria. Amri iliyotumika miaka 20 au 30 ikigundulika ina kasoro, irekebishwe au iachwe? Jibu la haraka ni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sawa. Lakini kwenye nyumba hii wanaishi watu wengi, na yupo ambaye ule ufa alishaufanya dirisha.

Wanaotaka kurekebisha wana ushahidi mzito, na mzito kuliko wote labda ni wa sudo, amri inayomruhusu mtumiaji kutumia mamlaka ya mwingine, hasa ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Julai 2011 iliingizwa sehemu ya msimbo ambayo haikutiliwa shaka kwa karibu miaka 10. Januari 2021 watafiti wa Qualys, kampuni ya usalama wa kompyuta, wakatangaza kwamba mtumiaji wa kawaida, hata asiyekuwa kwenye orodha ya walioruhusiwa kutumia sudo, angeweza kujitwalia mamlaka ya root. Ukisogea karibu, kosa lenyewe ni dogo kiasi cha kutia aibu. Sudo ikitakiwa kuendesha amri kupitia sheli (programu inayosoma na kutekeleza amri unazoandika), huweka alama ya \ mbele ya herufi zenye maana maalumu, kisha mbele ya safari sehemu nyingine ya programu huziondoa alama hizo. Sehemu hizo mbili hazikuafikiana ni wakati gani kazi hiyo inahitajika. Ukiita sudoedit -s, ya kwanza haikuweka alama yoyote, ya pili ikaja kuziondoa vilevile. Sasa ipe neno linaloishia na \ moja. Mwondoaji anairuka ile alama, anakutana na kikomo cha neno, anakichukulia kuwa ni herufi ya kunakiliwa, anakipita, na kuendelea kunakili yasiyomhusu hadi nje ya nafasi aliyotengewa kwenye kumbukumbu. Mlango wa root ukawa wazi kwa ajili ya alama moja.

Huwezi kumwambia mtu kwamba hilo liachwe kwa kuwa limezoeleka. Hata pale marekebisho yanapovunja kazi za watu, kuna nyakati yanapaswa kuzivunja. Kasoro ya bash, sheli inayotumika sana kwenye Linux, iliyopewa jina la Shellshock ilifichuka Septemba 2014, ikiwa imeishi ndani ya msimbo tangu 1989. Kiraka cha kwanza hakikutosha, vikafuata vingine kwa mfululizo, na mwisho wake bash ikabadilisha namna inavyobeba fanksheni (vipande vya amri vilivyopewa jina) kupitia mazingira ya mchakato, yaani taarifa ambazo programu hurithishwa inapoanza. Aliyezoea kuzipitisha fanksheni kati ya bash mpya na ya zamani alikwama. Na ilibidi akwame.

Upande wa pili hauna visa vya kutisha namna hiyo, ndiyo maana hupuuzwa. Hoja yake ni hesabu tu. Amri kama sort (hupanga mistari) au tail (huonyesha mwisho wa faili) huitwa na skripti ambazo mtunzaji hatazisoma maishani mwake, nyingi zikiwa zimeandikwa na watu waliokwisha kuhama kazi. Miaka ya mwanzo ya 2000, GNU, mradi unaotunza nyingi ya amri hizi, walipoanza kuufuata mwongozo mpya wa POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, na kukataa maumbo ya kale kama sort +1, skripti zilizokuwa zikienda vizuri ziligoma usiku mmoja, na ikabidi uwepo utaratibu wa kurudia tabia ya zamani. Mwongozo ulikuwa upande wao, watumiaji hawakuwa. Stuart Feldman, aliyeandika make, amri ya kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake, mwaka 1976, alieleza baadaye kwamba alijua mapema kuwa kulazimisha tab mwanzoni mwa mstari ni uamuzi mbaya, ila tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni hivi na hakutaka kuwavurugia. Dazeni! Leo kila anayejifunza make hukwama hapo siku ya kwanza.

Kisa hicho hutumiwa na pande zote mbili, na naona zote zina haki ya kukitumia. Anayetaka kurekebisha husema: unaona, angerekebisha wakati ule. Anayesita hujibu kwamba kama watu 12 waliweza kumzuia mwenye programu, mamilioni je?

Mabadiliko mengine hufanywa kwa busara na bado yakatukanwa. Januari 2016, ls, amri ya kuorodhesha mafaili, katika toleo 8.25 la coreutils (mkusanyo wa amri za msingi za GNU) ilianza kuyafungia kwa alama za kunukuu majina ya mafaili yenye nafasi. Kabla ya hapo, ukiona kwenye skrini ripoti mpya.txt, usingejua kama hilo ni faili moja au ni mafaili mawili yaliyokaa jirani. Sasa unaona 'ripoti mpya.txt', na unaweza kulinakili jina hilo ukalibandika kwenye amri nyingine bila kuharibu kitu. La msingi zaidi, alama hizo hutokea pale tu ls inapoandika kwenye terminali. Ikiandikia programu nyingine, majina hutoka kama zamani, kwa hiyo skripti hazikuguswa. Watu wakalalamika tu kwamba ni mbaya kwa macho. Mimi nilikuwa miongoni mwao kwa takribani wiki mbili, kisha nikasahau kuwa iliwahi kuwa vingine. Asiyeshawishika anayo chaguo -N.

Siku hizi mjadala umehamia kwenye swali kubwa zaidi: badala ya kuweka viraka, kwa nini tusiandike upya? Mradi wa uutils, ulioanza 2013, unaziandika amri za coreutils kwa lugha ya Rust, ambayo huzuia makosa mengi ya kumbukumbu ya aina ile iliyoiangusha sudo. Ubuntu 25.10, toleo la mfumo maarufu wa Linux, iliyotoka Oktoba 2025, ikaufanya kuwa chaguo-msingi. (Wapo pia wanaougomba kwa sababu ya leseni, MIT iliyo legevu badala ya GPL inayodai mabadiliko yanayosambazwa yabaki huria. Hiyo ni vita nyingine.)

Haukupita mwezi, ikabainika kwamba baadhi ya mashine za Ubuntu 25.10 zimeacha kujikagulia masasisho. Chanzo kilikuwa date. Ukiandika date -r na jina la faili, inatakiwa ikupe saa ambayo faili hilo lilibadilishwa mara ya mwisho. Ile ya Rust ililipokea chaguo -r bila kulalamika, halafu ikatoa saa ya sasa hivi. Skripti ya kila siku ya apt, programu ya kusakinisha na kusasisha programu kwenye Ubuntu, hutumia date -r kutazama faili la muhuri ili kujua kazi ilifanyika lini. Kila ilipouliza, iliambiwa: leo. Ikaridhika kwamba zamu imeshatimizwa, ikalala. Aliyeendesha apt kwa mkono hakuona tofauti yoyote.

Wapinzani wa Rust walishangilia, na sidhani walikuwa na sababu. Lugha inaweza kukuzuia usiandike nje ya nafasi yako kwenye kumbukumbu, lakini haiwezi kujua uliahidi nini. Ahadi za date hazipo kwenye msimbo peke yake. Nyingine zipo kwenye mwongozo, nyingine kwenye majaribio, na nyingi zimebaki ndani ya skripti za watu. Faida ya uutils ambayo haisemwi vya kutosha ni kwamba wanajipima kwa majaribio yaleyale ya GNU, hivyo kila penye pengo panajitokeza na ahadi iliyokuwa ya mdomo inapata kuandikwa. Hata kama hutaitumia Rust maisha yako yote, hilo linakusaidia.

Ninachokiona mimi ukiviweka visa hivi pamoja ni kwamba kelele na kimya viligawiwa visivyo. Egrep isiyomdhuru mtu ilipigiwa mbiu hadi kwenye sanduku langu la barua. Date iliyoacha mashine bila masasisho ya usalama haikusema lolote. Ningekuwa mimi mwenye kuamua, ningeuliza kwanza kama kasoro inamkabidhi mtu mwingine ufunguo. Ikiwa ndiyo, irekebishwe hata skripti zikivunjika. Ikiwa inaudhi macho tu, ikae. Kwa zilizo katikati, ambazo ndizo nyingi, ningejali zaidi namna amri inavyoshindwa: chaguo ambalo halijatekelezwa likataliwe waziwazi kwa ujumbe wa kosa, lisipokewe kwa heshima halafu likapuuzwa. Date ile ingegoma, ingegunduliwa kabla ya kumfikia mtumiaji.

Ni rahisi kwangu kusema hivyo. Kazi ni ya wengine. Todd Miller ameitunza sudo kwa zaidi ya miaka 30, na kwenye tovuti yake anatafuta mdhamini. Kiraka cha mstari mmoja humfikia mtunzaji kikiwa hakina jaribio wala maelezo, na mletaji anategemea jibu kesho. Haraka hiyo imewahi kugeuzwa silaha. Mwaka 2022, mtunzaji wa xz, programu ya kubana mafaili, alisongwa na watu waliolalamika kwamba viraka vinachelewa, huku aliyejiita Jia Tan akiendelea kujitolea kumsaidia. Machi 2024 ikagundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yana mlango wa siri, na aliyegundua, Andres Freund, alishtushwa na kuingia kwenye mashine kwa ssh (njia ya kuiingia kutoka mbali) kulikochukua takribani nusu sekunde zaidi ya kawaida. Kwa hiyo mtunzaji akikujibu kwamba ataangalia mwezi ujao, huenda huo ndio ukaguzi wenyewe.

Ile skripti yangu niliirekebisha kwa dakika mbili: egrep ikawa grep -E, barua zikakoma. Baada ya habari za Ubuntu 25.10 niliifungua tena nikakuta, mistari michache chini, date -r inayopima umri wa nakala rudufu. Sikuiondoa. Juu yake nimeongeza mistari inayotengeneza faili la majaribio, kulipa tarehe ya 2001 kwa touch -d, kisha kuiuliza date -r ni la mwaka gani. Ikijibu kingine chochote, skripti inaandika kosa na kusimama palepale, na cron itaniandikia.