Keneli Mpya Haikula Diski Yako

"Yaya, ile keneli mupya njo ilikula diski."

Hukumu hiyo alipewa dada yangu mkubwa, mwenye sekretaria ya kupiga chapa TFC na memwari (kazi za wanafunzi za kumalizia masomo) kwenye barabara ya Kasapa, hapa Lubumbashi, na fundi aliyeitwa kuokoa kompyuta yake. Keneli ni kiini cha mfumo wa kompyuta, kinachosimamia diski na vifaa vingine. Mashine hiyo ilikuwa inatumia Debian, aina mojawapo ya Linux, maana kle (flashi) za wanafunzi zilikuwa zinaleta virusi kila uchao. Ilisasishwa jioni, asubuhi ikakwama kwenye skrini nyeusi: mfumo wa faili una hitilafu, endesha fsck (programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili) kwa mkono. Fundi akaendesha fsck -y, yaani akajibu "ndiyo" kwa kila swali kabla halijaulizwa. Ilipomaliza, lost+found, folda ya faili zisizojulikana zilikotoka, ilikuwa imejaa faili zenye namba badala ya majina, na memwari za watu zimo humo, nyingine nusu. Basi akaformati, akaweka Windows, akalipwa, akaenda zake.

Wiki chache baadaye Windows nayo ikaanza kulalamika kwamba haisomi diski. Labda keneli ya Linux iliacha laana.

Nilipoiangalia diski kwa smartctl, programu ya kupima afya ya diski, Current_Pending_Sector, yaani hesabu ya sehemu zinazoshindwa kusomeka, ilikuwa inapanda kila nikirudia kuisoma. Diski yenyewe ilinunuliwa ikiwa okazyo, imekwisha kufanya kazi miaka kwa mtu mwingine huko ilikotoka. Ilikuwa inakufa polepole, na keneli mpya ikabebeshwa mzigo kwa kuwa ndiyo iliyokutwa karibu na maiti.

Hukumu ya namna hii naisikia Lubumbashi nzima sasa. Kuna mafundi wanaowaambia wateja, kwa sauti ya daktari, wasisasishe kamwe. Matokeo yake ni mashine za ofisi zenye keneli ya miaka mingi iliyopita zikizurura kwenye intaneti bila kinga, na mwenye ofisi analala usingizi mnono.

Ujumbe ukisema "EXT4-fs error", ext4, mfumo wa faili unaopanga data kwenye diski, ndiyo iliyosoma bloku (kipande kidogo cha data) na kukuta kitu ambacho hakiwezi kuwa pale. Imepiga yowe. Anayepiga yowe la mwizi usiku humfungi kamba yeye. Bloku inaweza kuwa imeharibiwa na diski, na kebo ya SATA iliyolegea, na RAM mbovu, na umeme uliokatika katikati ya kuandika. Inaweza pia kuwa imeharibiwa na keneli, sawa, lakini si lazima pale ujumbe unapoelekeza. Mwaka 2018, keneli 4.19 ilipotoka, watu walianza kupoteza data na ujumbe mwingi ulikuwa na jina la ext4. Theodore Ts'o, anayeitunza ext4, alijaribu kuzalisha kosa hilo kwenye mashine zake akashindwa. Mwishowe kosa likaonekana tabaka la chini ya ext4, kwenye blk-mq, sehemu inayopeleka maombi kwa diski. Jens Axboe akalirekebisha, dawa ikaingia kwenye 4.19.8 mwezi wa Desemba. Lilipatikana kwa sababu kuna watu waliokaa wakalinganisha keneli moja na nyingine kwa subira. Hakuna aliyelipata kwa kuformati.

Kinachoniuma hasa ni kwamba ext4 yenyewe inatunza ushahidi. Kwenye superbloku, yaani sehemu ya maelezo yake yenyewe, inaandika tarehe ya kosa la kwanza, kosa la mwisho, na idadi ya makosa. Andika tune2fs -l na jina la kipande cha diski, utafute First error time. Kisha fungua /var/log/apt/history.log uone keneli mpya iliingia lini. Ukiwa huna mashine inayowaka, washa kwa kle yenye Linux hai na usome kutoka huko, kipande kikiwa kimepachikwa (kimeunganishwa na mfumo) kwa kusoma tu. Kosa la kwanza likiwa la mwezi wa tatu na keneli imeingia mwezi wa sita, kesi imekwisha, keneli iende nyumbani. Kosa likiwa la dakika kumi baada ya kuwasha keneli mpya, basi una sababu ya kuishuku na uendelee kuchimba.

(Angalia lakini saa ya mashine. Hizi kompyuta zetu za okazyo, betri ya ubao mama imekufa nusu yake, na kila umeme ukikatika zinarudi mwaka ambao wanafunzi wa leo walikuwa hawajazaliwa. Tarehe ikichekesha, usiiamini.)

Na ushahidi huo nani anaufuta? fsck. Ikimaliza kurekebisha, inasafisha hesabu ya makosa na tarehe zake. Kwa hiyo anayeanza na fsck -y anatengeneza na kupoteza kwa wakati mmoja, halafu anageuka kukuambia chanzo kwa uhakika kabisa. Kwa mashine ya dada yangu hatutajua kamwe makosa yalianza siku gani. Anza na fsck -n, inayoangalia bila kugusa, na kipande cha diski kisiwe kimepachikwa, la sivyo majibu yake ni ya kubahatisha.

Kwa nini basi mambo yafumuke siku ileile ya kusasisha? Kwa sababu kusasisha ni kazi nzito. Keneli mpya na moduli zake ni mamia ya megabaiti, tena initramfs (faili ya kuanzia kuwasha mfumo) inajengwa upya, na yote hayo yanakwenda kuandikwa sehemu za diski ambazo huenda hazikuguswa tangu siku ya kwanza. Siku za kawaida mashine ya kupiga chapa inaandika hati mbili tatu na kulala. Isitoshe, umeme ukikatika usiku na kurudi asubuhi, ext4 inarudia jenali yake (daftari la mabadiliko ya karibuni) tu na kuendelea. Haikagui diski nzima. Ufa unaweza kukaa kimya miezi. Ndiyo maana mji wenye delestaji (mgao wa umeme) unazaa hitilafu za namna hii kuliko mji mwingine, na ndiyo maana ningependa mafundi wauze betri za kutunza umeme badala ya kuuza hofu.

Haya, najua mtaniletea Desemba 2023. Nakubali, kwa shingo upande. Debian 12.3 ilikuwa itoke tarehe 9 ikiwa na keneli 6.1.64, ikasimamishwa siku hiyohiyo kwa sababu keneli hiyo ilikuwa inaharibu data kwenye ext4. Kesho yake ikatoka 12.4 na keneli 6.1.66. Rekebisho moja lilikuwa limeletwa kwenye 6.1 bila badiliko jingine ambalo rekebisho hilo lililitegemea, basi programu fulani zinazoandika moja kwa moja kwenye diski zikawa zinaweza kuandika mahali pasipo sahihi ndani ya faili. Lakini hata hapo fsck -y isingesaidia chochote. fsck inakagua mpangilio: majina, ingizo, bloku ipi ni ya nani. Yaliyomo ndani ya memwari yako haiyasomi. Kosa la 2023 lingepita mbele yake likisalimia.

Keneli ya zamani haifutwi papo hapo. Iko kwenye GRUB, menyu ya kuwashia, chini ya chaguo za ziada. Iwashe uone kama makosa yanaendelea, ila baada ya kutoa kopi. Na diski ikijigeuza kuwa ya kusoma tu, usikimbilie kuilazimisha iandike. Debian imewekwa hivyo ijilinde, na kuna watu humu mjini wanaichukulia kama ukaidi wa mtoto. Anayeona "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)" asitafute fsck kabisa, mara nyingi ni initramfs iliyokosekana baada ya /boot, sehemu ya faili za kuwashia, kujaa.

Sasa fedha. Mteja analipa kuformati kwa sababu anaona kitu: skrini mpya, rangi mpya. Kutoa kopi kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, hakuonekani, ni namba zinazotembea tu, na mtu anauliza kwa nini nimekaa saa nzima bila kufanya kazi. Mimi siku hizi sigusi diski yenye makosa kabla ya kopi, na kopi inalipiwa kwanza. Wengine wanaondoka wakinuna. Diski nzima ya gigabaiti 500 inachukua saa kadhaa, mbovu inaweza kulala hadi kesho, na umeme ukikatika katikati ddrescue ina faili yake ya kumbukumbu, inaendelea pale ilipoachia. Kwa hiyo njoo na diski ya pili, iwe kubwa kuliko ya kwanza, na usinipigie simu kila nusu saa.