Bingwa anapomiliki timu: farasi wawili wa Jack Brabham

Tarehe 3 Julai 1966, huko Reims nchini Ufaransa, Jack Brabham alifanya jambo ambalo hakuna dereva aliyekuwa amelifanya tangu ubingwa wa dunia wa langalanga (Formula 1) uanze mwaka 1950. Alishinda Grand Prix akiendesha gari lenye jina lake mwenyewe. Akashinda tena Brands Hatch, Zandvoort na Nürburgring, na msimu ulipokwisha taji la tatu likawa lake. Mpaka leo hajatokea mwingine aliyeuchukua ubingwa huo ndani ya gari la jina lake.

Mashabiki wengi hulisimulia hilo kama ushahidi kwamba bingwa akiwa bosi wa nafsi yake, hazuiliki. Waswahili nao wana lao: mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Kwa Brabham, naona pande zote mbili zina haki, na ushahidi umo kwenye magari yenyewe.

Tuanze na BT19, gari la ubingwa ule. Herufi B ni Brabham, T ni Ron Tauranac, mhandisi aliyemwita kutoka Australia waanzishe naye kampuni Uingereza. BT19 lilitengenezwa moja tu. Tena lilikuwa limechorwa kwa ajili ya injini ya Coventry Climax ya silinda 16 ambayo haikuwahi kushindana. Fremu yake ilikuwa ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mtindo ambao wapinzani wao Lotus walikuwa wameanza kuuacha tangu 1962. Brabham mwenyewe alilitania kwa kuliita Msumari Mkongwe.

Hapo ndipo umiliki ulipomfaa. Mwaka 1966 kanuni zilibadilika, ukubwa wa injini ukapanda kutoka lita 1.5 hadi lita 3, na kila timu ikawa inahangaika. BRM walijifunga kwenye injini nzito ya silinda 16 iliyowatesa msimu mzima. Brabham alikwenda kwa Repco, watengeneza vipuri wa Melbourne, wakaanzia kwenye bloku ya alumini ya injini ya Oldsmobile, gari la kawaida la Kimarekani. Ilitoa nguvu za farasi takriban 300 tu. Lakini ilikuwa nyepesi, haikunywa mafuta sana, na ilifika mwisho wa mbio. Dereva wa kuajiriwa angepewa wapi nafasi ya kuamua jambo kama hilo? Huyu alikuwa amehudumu jeshi la anga la Australia kama makanika wa ndege, alijua anachokiomba.

Bahati nayo ilikuwepo, tusijidanganye. John Surtees, bingwa wa 1964, alishinda Spa mwezi Juni akiwa na Ferrari, kisha akagombana na wakubwa wa timu na kuondoka katikati ya msimu. Mpinzani mkali akaachana na gari kali, na Brabham akavuna.

Sasa geuza upande wa pili. Ushindi wa kwanza wa timu ya Brabham katika mbio za ubingwa, Rouen mwaka 1964, haukuletwa na mwenye timu bali na dereva wake, Dan Gurney. Mwisho wa 1965 Gurney akaondoka kwenda kuanzisha timu yake. Mwaka 1967 ndio unaonichekesha zaidi. Brabham alikuwa na desturi ya kufunga vipuri vipya kwenye gari lake kwanza, haki ya bosi. Vipuri vipya huharibika. Denny Hulme, aliyepata kile kilichokwisha kujaribiwa, akachukua ubingwa kwa pointi 51 dhidi ya 46 za mwajiri wake. Kisha Hulme naye akahamia kwa Bruce McLaren, dereva mwingine mwenye timu.

Kama mwenye kampuni, Brabham alifaulu mwaka ule: taji la madereva na la watengenezaji yote yalibaki nyumbani. Kama dereva, alijinyima mwenyewe. Sidhani kuna mfano mzuri zaidi wa farasi wawili wanaovutana.

Baadhi ya waliomfuata walipasuka kweli. Surtees aliingiza magari yake langalanga kuanzia 1970 hadi 1978 bila kushinda hata mbio moja ya ubingwa. Wanaosema siri ya Brabham ilikuwa ufundi wa mikono wamtazame Surtees, maana naye alizijua mashine vizuri. Kilichompiga zaidi ni ukata. Emerson Fittipaldi, bingwa wa 1972 na 1974, aliiacha McLaren akajiunga na timu ya familia yake, iliyofadhiliwa na ushirika wa sukari wa Brazil, Copersucar. Kiti chake alipewa James Hunt, akawa bingwa wa 1976. Timu ya Fittipaldi ilidumu hadi 1982, na hakuna siku iliyomaliza wa kwanza.

Kwangu mimi, tofauti kubwa ilikuwa Tauranac na daftari la wateja. Kampuni yao ilitengeneza magari ya mbio ya magurudumu wazi, yasiyofunikwa na bodi, na kuyauza kwa madereva wa madaraja ya chini, kwa mamia. Fedha ya gereji ndiyo iliyolipia langalanga. Fittipaldi alimtegemea mfadhili, na mfadhili huchoka. Tauranac naye alikuwepo karakanani siku zote ambazo bosi alikuwa amevaa kofia ya mbio.

Brabham alishinda mara ya mwisho Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1970, akiwa na miaka 43. Mwaka huohuo alistaafu. Hisa zake alimuuzia Tauranac. Tauranac, fundi asiye na dereva bosi, hakukaa nayo sana: timu ikanunuliwa na Bernie Ecclestone, mtu aliyejua biashara kuliko wote wawili, na chini yake Nelson Piquet akaipa mataji mengine mawili, 1981 na 1983. Magari yakaendelea kuitwa BT.