Chekeni roketi ya Menkao, lakini ulizeni ripoti

Ile video ya Troposphère 5, roketi ya Kikongo iliyobeba panya, imefufuka tena. Safari hii kwenye magrupu ya WhatsApp ya Lubumbashi imeunganishwa na picha za wahandisi wa ISRO, shirika la anga la India, wakikumbatiana kule Bengaluru, na chini yake mtu ameandika: "Bahindi balifika ku mwezi, siye tulituma panya." Vicheko tele. Sawa, panya alikuwamo kweli. Mwaka 2009 roketi hiyo ya mhandisi wetu Jean-Patrice Keka ilipaa kutoka Menkao, nje ya Kinshasa, ikapinda, ikaanguka, na panya akaenda nayo.

Kucheka kuna ruhusa. Kinachoudhi ni kwamba anayecheka anadhani Wahindi walianzia mwezini.

Tarehe 10 Agosti 1979 roketi yao ya kwanza ya kubeba setilaiti, SLV-3, iliondoka Sriharikota na baada ya dakika tano na kidogo ikawa ndani ya Ghuba ya Bengal. Hatua ya kwanza, yaani ile sehemu ya chini inayowaka mwanzo, haikuwa na neno. Hatua ya pili ndiyo iliyopoteza mwelekeo, kwa sababu vijinjini vyake vya kuisawazisha vilihitaji asidi ya nitriki na asidi ilikuwa imekwisha. Vali moja ilikuwa imeingia uchafu, ikakataa kufunga, asidi ikavuja roketi ikiwa bado imesimama chini. Uvujaji ulionekana kabla ya kurusha. Wakubwa wakapiga hesabu, wakasema iliyobaki inatosha.

Aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha shaba Likasi au Kolwezi hahitaji kuongezewa maelezo. Vumbi likikaa kwenye vali ya asidi, mkono unaonyesha imefungwa, kumbe chini sakafu inalowa. Ila kiwandani unasimamisha pampu na kumwita fundi. Roketi ikishaondoka, fundi wako ni mtazamaji kama wengine.

Tukiwa bado kwenye asidi ya nitriki, vijana wengi wa hapa hawajui kwamba iliwahi kurusha roketi kwenye ardhi yetu, kaskazini mwa mkoa wa Shaba (ndiyo Katanga), juu ya mto Luvua. Kampuni ya Kijerumani OTRAG ya Lutz Kayser ilipewa na Mobutu eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi. Roketi zao zilikuwa mabomba yaliyofungwa pamoja, mafuta ya bei rahisi upande mmoja na asidi upande mwingine, na vali zikizungushwa na mota za aina ile inayosukuma waipa za gari. Walirusha Mei 1977, kisha Mei na Juni 1978. Ile ya tatu ikageuka njiani na kuanguka Mobutu mwenyewe akitazama. Mwaka 1979, baada ya kelele nyingi za nje, mkataba ukavunjwa, nao wakahamia Libya. Ardhi ilikuwa yetu. Michoro na vipimo vilikuwa vyao, vikaondoka nao.

Wahindi walibaki na vipimo vyao. Tarehe 18 Julai 1980, chini ya mwaka mmoja tangu ile vali, SLV-3 nyingine iliweka setilaiti ya Rohini angani.

Sasa tuje mwezini, maana hapo ndipo kazi yao inapoonekana vizuri. Septemba 2019 chombo cha kutua cha Vikram, cha safari yao ya mwezini ya Chandrayaan-2, kilianza kushuka kutoka urefu wa kilomita 30, kikienda zaidi ya kilomita moja na nusu kwa sekunde. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo parachuti ni pambo tu. Mwendo wote huo lazima uuliwe na injini. Vikram alikuwa na injini tano za kupunguza mwendo, nazo zikasukuma kwa nguvu kupita ilivyotarajiwa. Kosa dogo. Lakini kuna kipindi chombo kilitakiwa kutulia ili kamera zipige picha za ardhi, na programu ya kompyuta yake haikuruhusiwa kusahihisha kitu mpaka kipindi kile kiishe. Makosa yakarundikana. Ulipofika wakati wa kusahihisha, chombo kilitakiwa kugeuka haraka sana, na programu hiyo hiyo ilikuwa imewekewa kikomo cha kasi ya kugeuka. Juu ya hayo, mahali pa kutua palikuwa mraba wa mita 500 kwa 500. Chombo kiko karibu na ardhi, kinatakiwa kupunguza mwendo, kumbe bado kiko mbali na mraba wake, basi kinaongeza mwendo ili kikaufikie. Amri mbili zinazopingana, kila moja sahihi ukiitazama peke yake. Kikapiga ardhi.

Maelezo hayo yote aliyatoa S. Somanath, mkuu wa ISRO wa wakati huo, hadharani, siku chache kabla ya Chandrayaan-3 kurushwa Julai 2023. Nitakubali kwa shingo upande kwamba walichelewa mno. Mwaka 2019 lugha yao ilikuwa "kutua kwa kishindo", maneno ya kumfurahisha waziri, na ripoti kamili haikuwekwa mezani. Lakini ubovu ulitajwa kwa jina kabla ya kujaribu tena, na ukichukua orodha ya mabadiliko unaweza kulinganisha ugonjwa na dawa mstari kwa mstari. Injini ya katikati ikaondolewa, zikabaki nne. Mraba wa mita 500 ukawa eneo la kilomita 4 kwa 2.4, ili chombo kisilazimike kukimbilia shabaha. Miguu ikaimarishwa ihimili kugusa ardhi kwa mita 3 kwa sekunde badala ya 2. Mafuta yakaongezwa, paneli za jua zikaongezwa ili kikitua vibaya bado kipate umeme, na kikafungwa kipimo cha leza kinachosoma mwendo wenyewe dhidi ya ardhi badala ya kuukisia. Kisha majaribio: sensa zikaninginizwa kwenye helikopta, injini kwenye kreni, miguu ikadondoshwa tena na tena. Tarehe 23 Agosti 2023 kikatua karibu na nyuzi 69 kusini. Siku nne kabla yake, Luna-25 ya Urusi, nchi iliyokuwa ikitua mwezini tangu miaka ya sitini, ilikuwa imejigonga huko huko.

Bei? Kama dola milioni 75, na tusidanganyane: sehemu ya urahisi huo ni mishahara ya Kihindi, na sehemu ni roketi isiyo na nguvu ya kwenda moja kwa moja, ndiyo maana safari ilichukua siku 40 za kuzunguka dunia, kisha mwezi, na kujivuta kidogo kidogo. Wanaosema maskini wasiende angani wamwulize mvuvi wa Ghuba ya Bengal tahadhari ya kimbunga inatoka wapi. Kulipua setilaiti yao wenyewe Machi 2019 na kumwaga mamia ya vipande angani ulikuwa upuuzi, nokta.

Hatari yao kubwa iko kwingine. Tarehe 18 Mei 2025, roketi ya PSLV, punda wao mwaminifu wa zaidi ya miaka 30, iliangusha mzigo. Hatua ya tatu, ya fueli kavu, ilipoteza shinikizo ndani ya injini. Setilaiti ya rada EOS-09 ikapotea. Shinikizo likishuka namna ile kwenye fueli kavu washukiwa si wengi: ganda limepasuka, kiungo cha nozeli kimevuja, au fueli yenyewe imeachana na ukuta wake. Kamati ikaundwa. Ripoti haikutolewa kwa umma. Januari 2026 wakarusha PSLV nyingine, na hatua ya tatu, ile ile, ikaharibika tena, setilaiti zote za wateja zikapotea pamoja na ya serikali.

Huenda ni ubovu tofauti. Huenda! Nani atajua, kama wa kwanza umefungiwa kabatini? Shirika lililojenga jina kwa kutaja vali kwa jina lake sasa linajibu kama ofisi ya forodha ya Kasumbalesa: rudi kesho, mkubwa hayupo.

Na usiseme hayatuhusu. Katanga kuanzia Novemba hadi Machi ni mawingu. Kamera ya kawaida angani inakuonyesha pamba tupu. Rada inapita mawingu, mchana na usiku, na ukilinganisha picha mbili za sehemu moja unaona ardhi iliyoshuka kwa sentimita, wakati mwingine hata milimita. Wenye macho walioona bwawa la taka za shaba la Chambishi, ng'ambo hapo Zambia, likipasuka Februari 2025 na asidi kuingia mtoni wanajua kwa nini kipimo hicho kina maana. NISAR, rada ya India na Marekani iliyorushwa Julai 2025, inarudia sehemu ile ile kila siku 12 na data zake ni za bure. Hiyo ilipanda kwa roketi nyingine, GSLV. EOS-09 iliyopanda PSLV iko baharini.

Keka naye aulizwe hivyo hivyo, kwa heshima yake. Roketi inapopinda mara tu baada ya kupaa, kwa kawaida ni mapezi yaliyofungwa kombo, au imeacha reli ya kurushia ikiwa bado polepole mno kwa mapezi kushika hewa, au uzito umekaa nyuma kuliko inavyopaswa. Mawili ya mwisho yanapimwa bila kurusha chochote. Injini inafungwa chini kwa bolti, inawashwa nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga, na sensa ya msukumo na ya shinikizo zinarekodi kila sekunde mara elfu. Roketi iliyojazwa inaninginizwa kwa kamba kutafuta kitovu cha uzito wake. Karatasi zenye namba hizo ndizo ningependa zizunguke kwenye magrupu. Na nchi yetu ikija kununua nafasi kwenye PSLV kwa setilaiti ya ukubwa wa sanduku la viatu, ripoti ya Mei 2025 isomwe kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.