Mzazi wa mtoto kiziwi: mama au mwalimu?

Zaidi ya watoto viziwi tisa katika kila kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa wazazi wengi, basi, kiziwi wa kwanza kumfahamu kwa karibu ni mtoto wao wenyewe. Hawajui lugha ya alama, hawajawahi kukaa na kiziwi mtu mzima, na habari yenyewe huwafikia wakati bado wanahangaika na usingizi na unyonyeshaji. Papo hapo wanakabidhiwa ratiba.

Ratiba hiyo hujulikana kwa tarakimu tatu: 1-3-6. Mtoto apimwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, huduma zianze kabla ya miezi 6. Mwaka 2019 kamati ya wataalamu wa Marekani inayosimamia mwongozo huo ilivitaka vituo vinavyoweza vijitahidi kufikia 1-2-3. Haraka hii ina msingi, na sitaki kuibeza. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano na wenzake, waliofanya utafiti wao Colorado, walionyesha kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 walikuwa mbele sana kilugha kuliko waliogunduliwa baadaye. Ubongo wa mtoto mchanga unatafuta lugha tangu siku ya kwanza. Ukiikosa kwa miaka miwili mitatu, pengo hilo ni gumu kuliziba hata kwa kifaa bora namna gani.

Kinachonisumbua ni kile anachogeuzwa mzazi katikati ya mbio hizo.

Mama ameketi sakafuni na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mkononi ana kadi za picha. Amefunika mdomo kwa kiganja, kama baadhi ya mbinu za mazoezi ya kusikiliza zilivyoelekeza, ili mtoto asisome midomo. "Mpira," anasema. Kimya. "Mpira." Mtoto amekwisha kuuona mfuniko wa sufuria unaozunguka sakafuni, na macho yamemng'aa. Mama anaushika uso wake taratibu na kuurudisha kwenye kadi, maana neno linatakiwa kurudiwa mara kumi.

Mama huyu hana kosa. Anafanya alichoambiwa, na anakifanya kwa upendo. Lakini mtoto alikuwa ameshangaa na alitaka mtu wa kushangaa naye. Mazungumzo yalikuwa tayari kuanza, yakazimwa kwa ajili ya zoezi la mazungumzo.

Mtoto anayesikia angeutazama mfuniko huku sauti ya mama ikimwingia masikioni: "Unazunguka! Unazunguka!" Kitu na neno vingemfikia pamoja. Mtoto anayetegemea macho hapati vyote viwili kwa mara moja. Lazima ayaondoe macho kwenye mfuniko, amtazame mama, kisha arudi. Akina mama walio viziwi hulijua hili bila kufundishwa darasani. Humgusa mtoto begani au mguuni, kisha wakasubiri ainue uso. Huipeleka alama hadi pale mtoto anapotazama, au hukiinua kitu karibu na uso wao ili kitu na neno vionekane kwa mtazamo mmoja. Mikono huenda polepole, uso unakunjuka zaidi, na mtoto akitazama kwingine mikono hutulia. Mzazi anayesikia, kwa wema wake wote, huendelea kusema, na mtoto anapogeuka huona kama amepuuzwa. Kumbe mtoto alikuwa anatazama tu.

Wapo wanaosema kwamba mapenzi peke yake hayafundishi lugha, na wana hoja. Mzazi mkunjufu anayesubiri "atakapokuwa tayari" anaweza kupoteza mwaka usiorudi. Tena wazazi wengi wenyewe huomba kazi ya kufanya: kadi na daftari la mazoezi huwaondolea ile hali ya kukaa mikono mitupu mbele ya habari nzito. Sioni vibaya kuwapa. Tatizo linaanza pale mazoezi yanapokuwa ndiyo njia pekee ya mzazi kukutana na mwanawe.

Kila mjadala huu unapozuka, narudi kwenye utafiti wa Alexandra Quittner na wenzake uliochapishwa mwaka 2013. Waliwafuatilia kwa miaka 4 watoto 188 waliowekewa vipandikizi vya koklea, vile vifaa vinavyosisimua neva ya usikivu kwa umeme, na wakawarekodi kwa video wakicheza na mama zao. Wepesi wa mama kumsoma mtoto na kumjibu kwa ukunjufu ulihusiana na ukuaji wa lugha ya kusema kwa kiwango kinachokaribia kile cha umri wa kuwekewa kipandikizi. Na mbinu za kuchochea lugha zilihusiana na maendeleo pale tu ukunjufu huo ulipokuwa wa juu. Mtu anaweza kuuliza, na ni swali la haki, kama mama ni mkunjufu kwa sababu mtoto wake anaendelea vizuri. Huenda athari inakwenda pande zote mbili. Hata hivyo, kituo kinachohesabu miezi kwa ukali na kisiutazame uhusiano hata mara moja kimeacha nje kitu chenye uzito wa aina ile ile.

Kuna hatari nyingine ambayo upande ninaouelekea huipitia haraka. Ukimwambia mama aliye katika majonzi kwamba ukunjufu wake unahusiana na lugha ya mwanawe, umemwongezea mzigo: sasa hata furaha yake inapimwa kama mtihani. Anayehitaji kusaidiwa hapo ni mama mwenyewe, asikilizwe kabla ya kufundishwa.

Kuhusu lugha ipi apewe mtoto, ya kusema au ya alama, ushahidi bado unavutana. Utafiti wa Ann Geers na wenzake wa mwaka 2017 ulikuta watoto wenye vipandikizi wasiotumia alama wakifanya vizuri zaidi katika kusema. Wakosoaji wakajibu kwamba familia chache mno humo zilitumia lugha ya alama kamili, na kwamba mtoto anayechelewa kusema ndiye anayeendelea kuzungumziwa kwa alama. Mwaka 2021 Naomi Caselli na wenzake walionyesha kwamba watoto viziwi wa wazazi wanaosikia, wakianza kupata lugha ya alama kabla ya miezi 6, hufikia msamiati wa umri wao. Naona hofu ya kwamba mzazi anayejifunza alama polepole atamharibu mtoto imepungua nguvu.

Mwaka 2012 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Bad Ischl, Austria, na mwaka uliofuata wakatoa tamko la kanuni 10 za huduma zinazoitanguliza familia. Mle ndani imo pia nafasi ya viziwi watu wazima. Ningependa hilo lichukuliwe kwa uzito: kiziwi mtu mzima aingie nyumbani mapema, akae sakafuni, na mzazi aone anavyosubiri macho ya mtoto. Na ziara ya mtaalamu ianze kwa mchezo uliorekodiwa, mzazi na mtaalamu wautazame pamoja, wasimamishe picha pale mtoto alipoinua uso. Akina mama wengi hawajui kwamba mtoto aliwatazama. Walikuwa wameinamia kadi.