Magari ya Wakubwa Yalivyogoma Kirumba

Simtanki la mgahawa wangu wa samaki pale Kirumba limekaa juu ya jabali, nyuma ya jabali lingine. Mwanza ndivyo ilivyo. Anayetaka kiwanja kisicho na mawe ahamie Magu. Kupanda kuchungulia maji ni kazi ya mbuzi, na mimi kwa mwili huu nilishakataa. Ndipo shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayecheza na Arduino, vile vibao vidogo vya umeme vinavyoandikiwa programu, tangu yuko sekondari, akasema atafunga kitu cha kunipa habari za tenki bila waya.

Alianza na nRF24L01, viredio vya gigahezi 2.4. Cha kwanza alikiunguza mwenyewe kwa kukipa volti 5, kumbe kinataka 3.3. Sikusema neno, nilimwangalia tu. Vingine vikaongea vizuri mezani, lakini alipokipandisha kimoja juu, kimya. Masafa ya juu namna ile yakigonga jiwe la Mwanza yanaishia hapohapo.

"Shemeji, kuna redio nyingine, HC-12, halafu kuna hivi vya kawaida vya megahezi 433."

Nikauliza bei. Vile vya kawaida, cha kurusha na cha kupokea kwa pamoja, havikufika hata bei ya sato mmoja mkubwa. Mlipaji mimi, basi mchaguaji mimi. Akachomelea waya wa sentimita 17 na ushee, ndiyo antena, na habari zikashuka mpaka jikoni. Ila zilikuwa zinakuja kwa vituo. Nikamwambia mimi nataka kujua muda wote, wikiendi maji yanakwisha huku unayaangalia. Akaondoa mapumziko kwenye programu. Tenki likawa linaongea bila kumeza mate.

Ijumaa usiku, mheshimiwa mmoja mwenye gari kubwa la Ulaya akalipa, akaaga, akabonyeza rimoti. Gari halikuitika. Akaisogeza mlangoni. Akaiweka chini ya kidevu, maana kuna mtu alimwambia inasaidia. Wapi! Wa pili naye, aliyefungiwa alamu mjini, yaleyale. Wakati huohuo kijana wa IST akatoka, twi-twi, akaondoka zake. Wa Noah, twi-twi.

"Leo Mungu kaanza na wenye vyeo," akasema bodaboda mmoja, na asionekane na haraka ya kwenda popote.

Mwenye alamu ya mjini akachoka, akafungua mlango kwa ufunguo wa kawaida. Lahaula! King'ora kikalia mpaka nadhani Mwaloni walikisikia, na cha kukizima ni rimoti ileile. Mzee mmoja akashauri gari linyunyiziwe maji ya ziwa. Mwingine akasema hapana, ni kijicho, na akanitazama mimi. Nikamwuliza kama anaongeza ugali. Akaongeza. Wote waliongeza, wangeenda wapi? Sato wakaisha, tukaingia kwenye sangara.

Shemeji alipofika akasikiliza kidogo, akatazama juu kwenye tenki, uso ukambadilika. Akavua ndala, akapanda jabali na tochi ya simu mdomoni, akachomoa waya.

Watu wenyewe walikuwa bado wanabonyeza kwa hasira. Taa zikawaka kwa mpigo mmoja, milango ikafunguka, ikajifunga, ikafunguka tena, king'ora kikakata. "Aleluya!" akapaza sauti mheshimiwa, ambaye saa nzima alikuwa anatukana.

Shemeji alinieleza pembeni, kwa sauti ya chini sana. Rimoti za magari ya Ulaya, na alamu nyingi za kufungisha, hutumia megahezi 433.92, njia ileile ya tenki langu, na tenki halikuwa linampa mtu nafasi ya kusema. Zile IST na Noah zimetoka Japani, rimoti zake ziko huku chini, karibu na 315. Hazikuhusika na ugomvi.

Akanunua HC-12, kwa hela yangu. Ina chaneli 100, ya kwanza iko 433.4 na kila moja inapanda kwa 0.4, basi akaisogeza juu huko mbali na rimoti za watu, na akarudisha mapumziko bila kuniuliza. Mimi nilikuwa nahesabu mauzo ya Ijumaa. Nilipomaliza nikamwuliza kama vile vya bei rahisi vinaweza kuwekewa swichi hapa jikoni, kwa ajili ya Jumatatu.